Misuli ya tumbo ya ndani: anza na pumzi

Wengi tukisikia mazoezi ya tumbo tunakimbilia sitapu, mia kwa siku, shingo inauma na kiuno bado kinasumbua. Sitapu inafanyisha kazi zaidi ule msuli wa juu unaoonekana, lakini chini yake kuna mwingine umezunguka kiuno kama mkanda kutoka mgongoni mpaka mbele, huo ndo unaotuliza uti wa mgongo ukinyanyua kitu au ukigeuka. Na haufunzwi kwa nguvu jamani.

Kwanza uutafute. Lala chali, kunja magoti, nyayo chini. Shika ile mifupa miwili ya nyonga inayojitokeza mbele, sogeza vidole ndani kama sentimita 2 afu bonyeza taratibu. Vuta pumzi, na ukiwa unaitoa polepole vuta tumbo la chini ya kitovu liingie ndani kidogo tu, kama unafunga zipu ya suruali inayobana, huku umebana kama mtu anayezuia mkojo. Chini ya vidole utasikia panakaza. Pakivimba na kusukuma vidole, umezidisha, legeza uanze upya. Shikilia sekunde 10 ukipumua kawaida, rudia mara 10. Hapo kwenye kupumua ndo tunapokosea sana, mtu anazuia pumzi mpaka anatetemeka, na zoezi linakuwa limeshaharibika.

Ukilizoea, ongeza mikono na miguu. Ukiwa chali nyanyua miguu, magoti yakae juu ya nyonga, mikono juu, afu shusha mkono wa kulia na mguu wa kushoto pole pole, rudisha, badilisha. Mgongo ukianza kuinuka sakafuni ujue umeshusha mguu mno. Lingine piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono na mguu wa upande tofauti sekunde 5 bila kiuno kuyumba, mi hili nalipenda kuliko plenki, lile la kujishikilia kifudifudi juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka. Plenki anzia magotini, sekunde 20 safi zinatosha.

Nyumbani nako ukibeba mzigo mkono mmoja tembea wima usiegemee upande, badilisha mkono. Ukinyanyua kizito toa pumzi. Ukiamka geukia ubavu kwanza ndo ujisukume kwa mikono.

Mama uliyejifungua, hasa kwa upasuaji, muulize daktari kabla hujaanza, na ukiona katikati ya tumbo panatokeza kama tuta wakati wa zoezi, acha hilo zoezi, rudi kwenye lile la pumzi, afu mwone mtaalamu wa fiziotherapia akupime.