Chartres: beba darubini, acha haraka

Kufika si kazi. Panda treni Paris, stesheni ya Montparnasse, na baada ya saa moja na kitu uko Chartres, mji wa Ufaransa ulio kilomita 90 hivi kusini-magharibi. Ukikaribia, chungulia nje: minara miwili isiyofanana ya kanisa kuu inachomoza juu ya mashamba, mmoja wa kawaida wenye mita 105, mwingine umenakshiwa kama lesi, mita 113.

Mara ya kwanza nilifika saa nane mchana, nikazunguka kanisa kuu nusu saa nikipiga picha kwa simu, nikaondoka. Picha zote zilikuwa giza lenye madoa ya buluu. Niliumia nilipokuja kujua nilichokipita: madirisha ya vioo vya rangi yanayosimulia hadithi. Kwa hiyo nakusihi: tenga siku nzima, chagua siku ya jua, na uweke darubini ndogo begini. Kuingia kanisani ni bure. Kupanda mnara ndiko kwa kulipia.

Ukiingia, usitembee kwanza. Tafuta kiti, ukae dakika kumi. Ndani ni giza, na macho yanahitaji muda. Polepole rangi za madirisha zinaanza kuwaka, hasa ile buluu.

Kisha nenda ukuta wa kulia, kwenye dirisha la Msamaria Mwema. Haya madirisha husomwa kuanzia chini kwenda juu, na hapo ndipo darubini inapolipa. Chini kabisa utawaona washona viatu wakiwa kazini, maana wao ndio waliolitoa dirisha hili. Panda taratibu: msafiri anatoka mjini, anavamiwa, anaachwa amelala, wengine wanampita, Msamaria anamhudumia. Ukidhani hadithi imekwisha, juu yake inaanza ya Adamu na Hawa. Mimi nilikaa hapo karibu saa nzima, shingo ikauma, na sijutii.

Songa mbele, uipite njiapanda ya kanisa, pale ukumbi unapokatwa na mabawa mawili ya pembeni, umtafute dirishani, upande huohuo wa kulia, Bikira Maria wa vazi la buluu. Kioo chake kilinusurika moto wa mwaka 1194 ulioteketeza sehemu kubwa ya kanisa la zamani. Hata mwaka 1939, vita vilipokaribia, watu waliteremsha vioo hivi na kuvificha. Kila nikikumbuka mikono iliyovibeba, nashukuru.

Sakafuni kuna njia ya kuzungukazunguka, duara la upana wa karibu mita 13. Siku nyingi limefunikwa na viti. Kwa kawaida huondolewa Ijumaa, kuanzia Kwaresima hadi vuli. Ukitaka kuitembea, panga safari kwa siku hiyo. Misa ikianza, kaa au toka, usizurure.

Mchana shuka mji wa chini, kando ya mto Eure. Vaa viatu bapa, kwani njia ni za mawe na ngazi ni kali. Kuna madaraja madogo na mabanda ya zamani ya kufulia nguo yaliyoinamia maji. Kula huko.

Lakini rudi kanisani kabla jua halijatua. Sasa keti ukiipa madhabahu mgongo, utazame mlango mkuu. Juu yake kuna madirisha matatu marefu ya karne ya 12, na jua la jioni linayapiga moja kwa moja. La kulia ni mti wa Yese, baba wa mfalme Daudi, yaani ukoo wa Kristo: mzee amelala, na kutoka kwake shina linapanda, mfalme juu ya mfalme, hadi kwa Kristo. Anza chini, kwa yule mzee.