Namna ya kula rameni Unguja ukatoka umeshiba na roho safi

Nimeshaulizwa mara si moja na watu wangu, ile rameni, tambi za kijapani ndani ya supu, inaliwa vipi, ni halali au si halali, na mbona bei iko juu vile na yenyewe ni tambi tu. Nikaona bora niandike yote kwa pamoja, maana mie nimeipenda mno na inaniuma nikimuona mtu wa hapahapa amesimama mlangoni mwa mkahawa kule Mji Mkongwe anachungulia ndani, anaona wageni wamejaa, anajiambia pale si pake, anaondoka zake kwenda kula chipsi. Pale ni pako pia. Ila kuna mambo inabidi uyajue kabla hujavuta kiti, na lililo kubwa kuliko yote ni hili: uliza mfupa.

Kwanza zile tambi za pakiti zitoe kichwani. Zile tunazochemsha usiku wa daku kwa dakika tatu zimeanzia Japani kweli, alizibuni Momofuku Ando mwaka 1958, lakini rameni yenyewe ilikuwepo zamani kabla ya hapo. Mkahawa wa Rairaiken ulifunguliwa Asakusa, Tokyo, mwaka 1910 na wapishi wake walikuwa Wachina, maana tambi hizi asili yake China, Wajapani wakazichukua wakazifanya zao kama sie tulivolichukua biriani likawa letu. Sasa kwenye pakiti ladha yote imo kwenye kile kipakti cha unga, mkahawani ladha imo kwenye supu iliyokaa motoni masaa na masaa, na ndo hapo pesa yako inapokwenda. Mie bakuli moja nililipa elfu thelathini, nikaona nyingi, nilipokunywa ile supu nikanyamaza.

Ukiijua supu ya kongoro ushajua nusu ya rameni. Kongoro unaliacha motoni mpaka ule ute wa mifupa unatoka, ukiinywa midomo inanata. Wao wanafanya hivohivo, ila kuna supu wanaichemsha polepole ibaki nyepesi unaona mpaka chini ya bakuli, na kuna nyengine wanaipiga moto mkali itokote kwa nguvu bila kupunguza, mafuta na ute vinachanganyika na maji inakuwa nyeupe nzito kama tui. Nyeupe ya mifupa ya nguruwe ndo inaitwa tonkotsu, kwao ni Fukuoka, na nyeupe ya kuku inaitwa tori paitani. Kwa macho zinafanana, kwa hio picha ya kwenye menyu haikusaidii kitu.

Kwenye menyu utakuta majina manne yanajirudia. Shio maana yake chumvi, shoyu ni sosi ya soya, miso ni soya iliyosagwa na kuvundikwa mpaka ikawa rojo zito la chumvichumvi, halafu hio tonkotsu. Watu wengi wanadhani wakishaikwepa tonkotsu bas washasalimika, na hapo ndo wanapokosea. Yale majina matatu ya mwanzo yanakwambia kiungo tu, hayakwambii mfupa gani umechemshwa. Shoyu inaweza kuwa ya kuku, ya samaki, ya nguruwe, au kuku na nguruwe sufuria moja. Tonkotsu peke yake ndo jina la mfupa.

Na hata mfupa ukiwa wa kuku bado hujamaliza. Mara ya kwanza nilikwenda na mama mdogo, tukauliza kama watu wote, "hii ina nguruwe?", dada wa pale akajibu vizuri kabisa kwamba hapana, ni kuku tu. Tukala kwa raha zetu. Kulikuwa na nusu mbili za yai, jeupe lake limekuwa rangi ya chai, kiini laini kama asali, mama mdogo akalisifu mno. Mpishi alipotoka kutusalimia nikamuuliza yai linapata vipi rangi ile, akasema linalazwa usiku mzima kwenye soya na mirini. Mama mdogo akauliza mirini ndo nini. Ni pombe tamu ya mchele, ya kupikia. Basi aliviweka chini vijiti vyake, hakusema neno mpaka tumefika Darajani, na pale akasema tu "mwanangu, tuliuliza". Mpishi hakutuficha, nilipomuuliza akasema. Lakini tuliambiwa kuku tu, na kwa mji kama huu mie naona mkahawa una wajibu wa kusema wenyewe kabla mtu hajauliza. Mpaka hapo watakapoanza, kazi ya kuuliza ni yetu.

Kwa hio usiulize "ina nguruwe?", uliza hivi: supu ni ya mfupa gani na sufuria yake ni yake peke yake? Kuku amechinjwa halali? Kwenye sosi inayotiwa bakulini kabla ya supu mnatia mirini au sake, ile pombe yao ya mchele? Yai limelazwa kwenye nini? Nyama ya juu ni nini, maana hio nyama wanaiita chashu na kwa kawaida ni nguruwe ingawa wapo wanaoifanya ya kuku, na inakatwa kwa kisu gani? Ukitaka na vya pembeni uliza pia, gyoza ni vile vya unga vya kukunja kama sambusa, na mara nyingi ndani ni nguruwe na kabichi, na kuku wa kukaanga wa kijapani wengi wanamlowesha kwenye sake kabla ya kumtia mafutani. Soya yenyewe iliyovundikwa inakuwa na kileo kidogo kinachotokea wenyewe kwenye kuvunda, hilo muulize sheikh unaemuamini, mie sina elimu ya kukutolea fatwa.

Usione haya kuuliza, wallahi. Huulizi kitu cha ajabu, hata Tokyo kuna mikahawa ya rameni halali, mmoja unaitwa Naritaya na uko hukohuko Asakusa nilikotaja mwanzo. Tena bora upige simu siku moja kabla. Mara ya pili nilifanya hivo, mkahawa mwengine, nikawaambia tunakuja wanne, mmoja mtu mzima, tunaomba mayai yasiwe na mirini, wakayalaza kwenye soya na sukari na maji. Kwa ladha mie sikuona tofauti ya kunifanya nilalamike. Unataka kujua mama mdogo alisemaje? "Mbona hii kongoro na tambi."

Ukishakaa, itazame bakuli kwanza, maana vingi mle ndani unavijua. Zile tambi ni za manjano na zikivutwa zinarudi kama mpira kwa sababu zimekandwa na maji ya kansui, na kansui ni ndugu wa magadi tunayotia kwenye kunde ziive upesi. Ule mwani mweusi wa karatasi ni nori, ni mwani kweli lakini si huu wanaolima kina mama wa Paje na Jambiani, wetu unasafirishwa nje unatolewa ule ute wake wa kugandishia vyakula. Ukisikia harufu ya baharini kwenye supu, huenda ni niboshi, yani dagaa waliochemshwa wakaanikwa, kazi ileile inayofanyika Mangapwani, na mie supu ya niboshi ndo naipenda kuliko zote, kama unapenda dagaa anza na hio. Kuna vijiti laini vya rangi ya kahawia, hio ni mianzi michanga iliyovundikwa. Na ukikuta kiduara cheupe kina mzunguko wa pinki katikati usiogope, ni samaki aliyesagwa.

Sasa kula. Hapa hakuna kupiga picha kumi. Tambi zikishaingia kwenye supu ya moto hazikusubiri, zinaendelea kuiva, baada ya dakika kumi zishavimba na zimelegea na mpishi huko ndani roho inamuuma. Piga picha moja, sema bismillahi, anza. Hadithi weka za baadae, wakati wa chai.

Vijiti: kimoja cha chini kinalala kwenye kitako cha kidole gumba na kuegemea kidole cha pete, hicho hakitembei kabisa, cha juu unakishika kama kalamu na ndo kinachokwenda juu na chini. Usichukue fungu kubwa, shika nyuzi tatu nne, zinyanyue, zipeleke mdomoni uvute. Kwao kuvuta kwa sauti si ukosefu wa adabu, inapoza tambi na harufu inapanda puani, kwa hio ule mlio utausikia meza za jirani. Sie tumelelewa tofauti, mie mpaka leo navuta kimyakimya na hakuna aliyenisema. Ukishindwa vijiti omba uma, wanao. Ila usivichomeke vikasimama ndani ya bakuli, kwao hivo ndo wanavoweka kwenye wali wa kumuwekea maiti, na usimpokeze mwenzio chakula kijiti kwa kijiti maana ndo wanavookota mifupa baada ya kuchoma maiti wao. Vilaze juu ya bakuli au pembeni, bas.

Jambo moja limewasumbua wengi ninaokwenda nao. Wajapani wanashika vijiti kulia na kile kijiko cha supu kushoto, wanakwenda navyo vyote pamoja. Sie mkono wa kushoto hatupeleki kitu mdomoni. Usijilazimishe, kula tambi kwa vijiti, vilaze, chukua kijiko kwa mkono wa kulia unywe supu, rudi tena kwenye vijiti. Unachelewa kidogo tu.

Mezani utakuta mafuta ya pilipili, siki, ufuta, pengine kitunguu thomu kibichi. Onja supu tupu kwanza, vijiko viwili vitatu, ndo utie. Najua sie ndimu tunakamulia kila kitu mpaka mtu akiletewa chai anatafuta ndimu. Kwenye shio ndimu inakubali, wenyewe wanayo rameni ya shio inayotiwa yuzu, tunda lao la jamii ya ndimu. Kwenye miso mie nasema acha, inavuruga. Na pilipili tia kidogokidogo, ukishaharibu supu huwezi kuirudisha.

Mwenye presha asimalize supu. Kile kitu ni kitamu lakini kina chumvi nyingi, kula tambi na vya juu, supu kunywa kiasi uiache, hata Japani kuiacha si tusi kwa mpishi. Kwa sababu hiohio mie siipendekezi kwa kufuturu, mchana kutwa una kiu halafu unajitia chumvi yote ile, usiku utakesha na jagi la maji. Mjamzito aombe yai liive mpaka ndani. Mwenye kudhurika na ngano, soya au ufuta kwa kweli hapa si pake, ngano na soya zimo karibu kila bakuli.

Mtoto usimuwekee bakuli zima mbele yake, lile joto linadanganya, mafuta yanayoelea juu yanazuia moshi unadhani imepoa kumbe ndani inaunguza. Omba kibakuli kitupu umpakulie tambi kidogo na supu kidogo. Na wewe mwanaume, ukitoka kusali Ijumaa usiende na kanzu nyeupe, ile sosi ya soya ikiruka haitoki kwa sabuni ya kawaida, nishaona kaka yangu analia na kanzu yake ya Idi.

Bei uliza mwanzo kama kodi na huduma vimo ndani. Kuna mikahawa ukimaliza tambi na supu bado unayo unaweza kuomba tambi za kuongeza kwa pesa kidogo, inaitwa kaedama, ni bora kuliko kuagiza bakuli la pili, ila iombe tambi za mwanzo hazijesha kabisa ili supu isipoe ukisubiri. Ukiondoka sema gochisosama, ndo ahsante ya chakula kwa kijapani, mpishi akiwa Mjapani utamuona anavofurahi, na akiwa wa kwetu mwambie tu Mungu akubarikie mikono.

Ukitaka kumbebea mtu nyumbani waambie tambi mbali, supu mbali, yai na vyengine mbali. Ukifika chemsha supu itokote hasa, tambi zimwagie maji moto uzichambue zisishikane, ndo uchanganye palepale na iliwe. Mama mdogo saivi hata haji tena mjini, ananitumia mesej tu, "supu ya kuku, yai la sukari, tambi mbali", na anakaa Fuoni, mpaka nipenye foleni ya Mwanakwerekwe supu ishapoa, lakini nikifika nakuta jiko lake la makaa lishakolea linanisubiri.