Maji ya chokaa upande wa Songwe na Mbalizi: wapi utumie hela, wapi uache

Bonde la Songwe, karibu na Mbeya, lina chokaa ya kutosha kulisha kiwanda cha saruji na machimbo ya marumaru, kwa hiyo si ajabu kisima cha huko kikatoa maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi iliyoyeyuka. Vijito vya milimani kwa kawaida ni laini na havina shida hii. Kabla hujamwita fundi bomba, jua kwanza kinachoziba ni nini.

Kwangua ukoko kidogo kwenye tundu za shawa au ndani ya birika, weka kwenye kisosi, dondoshea siki nyeupe. Ukitoa vipovu, ni chokaa. Usipotoa vipovu na rangi yake ni kahawia, hiyo ni kutu ya bomba la chuma; hapo siki haisaidii, bomba lenyewe limekwisha. Punje zinazokwaruza vidoleni ni mchanga, na dawa yake ni kuosha tanki.

Chokaa haigandi popote tu. Hugandia pale maji yanapopashwa moto na pale yanapokauka: koili ya hita, tundu za shawa, mdomo wa koki, floti ya tanki, tanki la kuflashi choo. Bomba la plastiki la maji baridi linaweza kukaa miaka mingi bila kuziba. Fundi akisema mabomba yote ya nyumba yabadilishwe kwa sababu ya "chumvi", mwambie akate kipande kimoja mkitazame ndani pamoja. Akikataa, tafuta mwingine.

Hita ya kuogea ndiyo inayokula hela, kwa sababu baridi ya Mbeya hairuhusu kuizima. Wengi hudhani chokaa inaongeza bili ya umeme. Kwa hita ya shawa si hivyo: joto lote bado linaishia kwenye maji. Hita ya kilowati 5.5 ikiwaka dakika 10 hula uniti 0.9 hivi, yaani kama shilingi 330 kwa bei ya kawaida ya shilingi 356 kwa uniti, iwe safi au ina ukoko. Hasara iko kwingine. Ukoko huizuia koili isipoe, tundu zikiziba maji yanapita kidogo, na koili inaungua.

Kusafisha: zima breka ya hita, si swichi ya ukutani peke yake. Funga maji, fungua kichwa cha shawa. Yeyusha gramu 50 za unga wa ndimu (ule mweupe, asidi ya sitriki) kwa kila lita 1 ya maji ya uvuguvugu. Yasiwe ya kuchemka, maana kwenye joto kali hujitokeza chenga nyeupe nyingine zinazorudi kuziba. Loweka kichwa saa 2 hadi 3, sugua tundu kwa mswaki, suuza. Kwa lita 2 kila safari, kilo moja ya unga inakupa safari kumi. Siki pia inafaa ila ni dhaifu: lita moja ya siki ya asilimia 5 huyeyusha gramu 40 hivi za chokaa, basi. Ukirudisha, pitisha maji mengi kabla ya kuwasha breka. Koili ikiwaka pakavu inaungua papo hapo. Na hita isiyo na eathi (waya wa kwenda ardhini) usiitumie kabisa, kwani maji yenye madini mengi hupitisha umeme vizuri zaidi.

Usichanganye siki, ndimu wala asidi ya choo na dawa yenye klorini. Gesi yake hudhuru mapafu. Asidi yoyote ikimwagikia terazo au marumaru ya mawe, sakafu inaliwa, maana nayo ni chokaa. Koki ya kromu isikae kwenye siki au ndimu zaidi ya nusu saa.

Koki ikiwa ngumu kuzungusha, usilazimishe kwa spana. Zenye sahani za kauri hukwaruzwa na chokaa na hapo hubadilishwa moyo mzima (kipande cha ndani kinachofunga maji). Ile ya washa (pete) ya mpira ni ya kizamani, lakini kwa maji haya ndiyo yenye nafuu: washa unabadilisha mwenyewe. Koki inayodondosha robo lita kwa saa hupoteza lita 180 kwa mwezi. Kinga kikombe saa moja upime.

Vichujio vya kawaida haviondoi ugumu, kwa sababu chokaa imeyeyuka. Sumaku za kufunga kwenye bomba, okoa hela yako. Mtambo wa kulainisha kwa chumvi unafanya kazi kweli, ila piga hesabu: familia ya lita 300 kwa siku, maji yenye chokaa miligramu 300 kwa lita, ni kilo 2.7 za chokaa kwa mwezi, na chumvi kilo 5 au zaidi ya kuiondoa. Na ukitaka kuondoa chokaa kwa kuchemsha, ndoo ya lita 20 kwa umeme ni karibu uniti 2.

Kwa nyumba nyingi, bora gata (mfereji wa kukinga maji ya paa) na tanki la pili. Paa la mita za mraba 60 likipata milimita 10 za mvua hutoa karibu lita 500 baada ya upotevu, na maji ya mvua hayana chokaa. Yaachie ya kwanza yaoshe bati, yanayofuata yaelekeze kwenye hita na kufulia. Kila upande wa hita mwambie fundi aweke geti valvu (koki ya kufunga maji ya bomba) na yunioni (kiungo kinachofunguka), ili siku ya kusafisha uifungue bila kukata bomba.