Somo: Jinsi Lacha Anavyoamua Sungura wa Kumkimbiza na wa Kumwacha

Lacha ni chotara wa mbwa wa mbio, kama greihaundi, wipeti au saluki, na mbwa wa kazi, mara nyingi koli wa kuchungia kondoo au teria wa Bedlington. Somo hili nawaandikia wenzangu tunaoishi Uingereza ambao wameanza kumfuga, kwa sababu naona wengi humpima kwa kasi peke yake, ilhali mbwa aliyekomaa hutambulika zaidi kwa sungura anayekataa kumkimbiza.

Kwanza niweke sawa jambo la lugha. Sisi huita sungura wanyama wawili tofauti. Mmoja huchimba mashimo na kuishi kwa makundi, naye nitamwita sungura tu. Wa pili ni mkubwa zaidi, ana masikio marefu yenye ncha nyeusi, hujilaza juu ya ardhi katika kibonde kidogo cha nyasi, naye ni wa ukoo mmoja na sungura wa porini kwetu. Huyu nitamwita sungura pori. England na Wales, tangu tarehe 18 Februari 2005, ni kosa kuwinda sungura pori kwa mbwa, lakini sungura wa mashimo anaruhusiwa kwa ridhaa ya mwenye shamba. Uskoti ina sheria yake ya mwaka 2023, ambayo ni kali zaidi.

Hatua ya kwanza: elewa anachokiona. Jicho la mbwa mwenye pua ndefu lina ukanda wa seli nyingi za neva uliolala kwa upana, hivyo hukagua upeo wote wa konde kwa mara moja na kunasa kitu kinachojongea. Anaweza asimwone sungura aliyetulia karibu naye, huku akimwona wa mbali aliyetikisa sikio.

Hatua ya pili: pima masafa kama anavyoyapima yeye. Hapa ndipo penye kiini cha somo. Sungura hakimbii kushinda mbio, anakimbilia shimo, na kwa kawaida shimo liko chini ya ua wa miiba ulio pembezoni mwa konde. Kwa hiyo mbwa ana masafa mawili ya kulinganisha: kutoka alipo yeye hadi kwa sungura, na kutoka kwa sungura hadi uani. Mbwa mchanga hujua la kwanza tu, akamfuata sungura nyuma ya mkia hadi shimoni. Aliyezoea hutazama la pili kwanza. Nimekuwa na jike mwenye damu ya koli ambaye, akifunguliwa, hakumwelekea sungura kabisa, bali alikata njia kuelekea uani na kumngoja huko. Usiku wa giza na upepo sungura hula mbali zaidi na mashimo yao, na mbwa huyo alikubali hata wale ambao jioni tulivu angewaacha.

Hatua ya tatu: usiharibu hesabu hiyo. Mbwa ambaye hajatimiza mwaka mmoja mifupa yake bado inakomaa, basi asikimbizwe mawindo. Akianza, mfungulie kwa sungura walio mbali na ua pekee. Anayefunguliwa kila mara kwa sungura walio mlangoni mwa shimo hukata tamaa, au huanza kubweka akiwa mbioni, na tabia hiyo ni ngumu mno kuiondoa.

Hatua ya nne: ukiwinda usiku kwa kurunzi na sungura wakiwa wengi, shikilia mwanga kwa mmoja. Mbwa asiyezoea huhama kutoka huyu kwenda yule akawakosa wote. Aliyekomaa huchagua aliye mbali zaidi na ua, hata kama si aliye karibu naye.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Mbwa wangu wa miaka 4 siku hizi humtazama sungura akienda zake. Je, amekuwa mvivu?

Jibu: Marahaba. Tembea kutoka pale sungura alipokuwa hadi shimoni, uhesabu hatua. Zikiwa chache, mbwa ameamua vizuri, nawe usimlazimishe. Akiwakataa hata walio katikati ya konde, mkague vidole na mabega, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo, kwa maana huenda anaumia.

Swali: Kwa nini wangu huacha wazima akamfuata mgonjwa?

Jibu: Huyo mgonjwa huenda ana miksomatosisi, ugonjwa uliofika Uingereza mwaka 1953. Macho huvimba, naye hukaa wazi au kutembea kwa kusitasita, na mwendo huo usio wa kawaida ndio unaomvuta mbwa. Mbwa haambukizwi, na kumwondolea mnyama huyo mateso upesi ni jambo la huruma.

Swali: Je, anaweza kujifunza mwenyewe kumwacha sungura pori?

Jibu: Hapana. Sungura pori hana shimo la kukimbilia, anategemea kasi na kona za ghafla, kwa hiyo machoni pa mbwa mbio zake hazina mwisho na zinamshawishi kuliko zote. Uamuzi huo ni wako. Mfundishe kurudi akiitwa tangu akiwa mtoto, usimfungulie kabla hujamtambua mnyama, na ukiona ncha nyeusi za masikio kwenye mwanga, zima kurunzi kabla mbwa hajanyoosha shingo.