Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kurekebisha Ukurasa Unaovurugika Katika Baadhi ya Vivinjari

Malalamiko kuhusu mpangilio wa ukurasa humfikia msanidi programu yakiwa mafupi mno: kitufe hakionekani, maandishi yamepandana, fomu imetoka nje ya skrini. Mazoea ya wengi wetu ni kufungua faili la CSS (lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa) papo hapo na kuongeza mistari mpaka ukurasa utulie. Nasisitiza mkono uzuiwe kwanza, kwa sababu marekebisho yanayofanywa kabla tatizo halijatambulika huponya simu moja na kuharibu nyingine ambazo hakuna aliyezikagua.

Jambo la kwanza ni kumjua mgonjwa. Mtumiaji aulizwe aina ya kifaa, mfumo endeshi na toleo la kivinjari, kwa kuwa jina la kivinjari peke yake hupotosha. Chrome iliyo kwenye simu ya Android hutumia injini (programu ya ndani inayochora kurasa) iitwayo Blink, ambayo ndiyo iliyomo pia ndani ya Opera, Samsung Internet na, tangu Januari 2020, Edge. Chrome iliyo kwenye iPhone, kinyume chake, huchora kurasa kwa WebKit, injini ya Safari, kutokana na masharti ya Apple ambayo yalianza kulegezwa mwaka 2024 kwa nchi za Umoja wa Ulaya. Injini hiyo husasishwa pamoja na mfumo wenyewe wa simu, na iPhone 6, kwa mfano, iliishia iOS 12; mwenye simu hiyo hata akiambiwa apakue kivinjari kingine, ataendelea kuona ukurasa ule ule uliovurugika. Kwenye kompyuta za Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109, lililotoka Januari 2023. Kwa watumiaji wetu wa Afrika Mashariki wanaobana bando, ni lazima pia kuuliza kama wanatumia Opera Mini katika hali yake ya kubana data kwa kiwango cha juu, maana hapo ukurasa huandaliwa kwanza kwenye seva na JavaScript, lugha inayoufanya ukurasa uitikie na kubadilika, hufanya kazi kwa mipaka mikubwa. Fomu inayotegemea JavaScript ili ijipange haiwezi kuokolewa huko kwa CSS.

Baada ya hapo, ukurasa ufunguliwe katika hali fiche, bila viendelezi (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari) na bila mafaili ya zamani yaliyohifadhiwa na kivinjari, na ukuzaji wa ukurasa urudishwe kwenye asilimia 100. Ukubwa wa maandishi uliowekwa kwenye simu yenyewe nao uangaliwe. Watu wengi wenye macho dhaifu wameuongeza, nao wana haki ya kuona fomu nzima kama wengine.

Misingi ya ukurasa ikaguliwe kabla ya kukilaumu kivinjari chochote. Mstari wa <!DOCTYPE html> ukikosekana juu kabisa, vivinjari huingia katika hali ya kuiga tabia za miaka ya tisini, na vipimo vingi vikapotoka. Tamko la viewport (eneo la skrini linaloonyesha ukurasa) lenye width=device-width likisahaulika, vivinjari vingi vya simu huchukulia kwamba ukurasa una upana wa pikseli 980 na kuusinyaza wote. Lebo ya HTML isiyofungwa nayo ni chanzo cha kawaida cha safu kuhamia mahali pasipostahili.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni pale sifa ya CSS inapokubaliwa na kivinjari kwa nusu. Chukua fomu ya malipo ambayo visanduku vyake vimepangwa kwa flex (mpangilio wa CSS wa kuweka vitu kwa mstari) na kutenganishwa kwa gap (nafasi kati ya vitu). Chrome iliianza gap ya flex katika toleo la 84 mwaka 2020, na Safari katika toleo la 14.1 mwaka 2021, ilhali gap ya grid (mpangilio wa CSS wa safu mlalo na wima) ilikuwepo kabla ya hapo. Safari ya iOS 12 ikiulizwa kwa @supports (gap: 10px), yaani amri ya CSS inayouliza kama kivinjari kinaijua sifa fulani, hujibu ndiyo, kwa kuwa inaijua ile ya grid, lakini ndani ya flex visanduku hubaki vimegandana, na kidole cha mtumiaji kikabonyeza "Ghairi" badala ya "Lipa". Ndiyo maana majibu ya @supports hayatoshi hapa, na pengo hilo ni salama zaidi likiwekwa kwa margin (nafasi ya nje ya kila kisanduku).

Kisa kingine kinachofanana ni kile cha 100vh, kipimo cha urefu wote wa skrini. Katika Safari ya iPhone kipimo hicho huhesabiwa kana kwamba sehemu ya anwani imejificha, hivyo kitufe kilichokaa chini kabisa hufunikwa mara tu ukurasa unapofunguka. Kipimo cha dvh, kinachofuata urefu unaoonekana kwa wakati huo na kilichoingia Safari 15.4 mwaka 2022, hutatua hilo, mradi mstari wa vh uandikwe juu yake ili vivinjari vya zamani vipate cha kushika.

Mambo haya yote yathibitishwe kwenye kifaa halisi. Kubana dirisha la Chrome ya kompyuta mpaka lifanane na simu hubadilisha upana tu. Injini hubaki ile ile, na kosa la Safari halitajitokeza hapo hata siku moja. Simu ya mtumiaji isipopatikana, iazimwe inayofanana nayo.

Tatizo likishaonekana kwa macho, linakiliwe katika ukurasa mdogo wa majaribio, kisha kiondolewe kipande kimoja baada ya kingine mpaka ubaki mstari unaolisababisha. Ukurasa huo uhifadhiwe pamoja na msimbo wa mradi, ukiandikwa kifaa na toleo lililohusika, ili marekebisho yajaribiwe hapo kwanza kabla hayajapelekwa kwenye mfumo wanaoutumia watu.