VAT iko wapi kwenye risiti yako ya dukani

Kila mwisho wa mwezi wenzangu wa kikundi hapa Nkuhungu, Dodoma, wananikabidhi risiti, maana mimi ndiye mweka hazina. Swali lao ni lile lile: humu VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni shilingi ngapi?

Tuseme umenunua ndoo ya rangi kwa 59,000 taslimu. Wengi wanapiga asilimia 18 ya 59,000, wanapata 10,620. Hapo wamekosea. Hiyo 59,000 ina kodi ndani yake tayari: penye bei ya 100 umelipa 118. Kwa hiyo gawanya kwa 118, zidisha kwa 18. VAT ni 9,000, rangi yenyewe 50,000.

Ila kabla ya hesabu, soma juu ya risiti, karibu na jina la duka. Pana TIN na VRN. TIN ni namba ya mlipakodi, anayo kila mlipakodi. VRN ni namba ya usajili wa VAT, anayo aliyesajiliwa VAT tu, na tangu Julai 2023 kiwango cha kulazimika kujisajili ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Duka lisilo na VRN halina ruhusa ya kukutoza VAT.

Hili tulijifunza kwa hasara. Tulipokuwa tunajenga banda letu la kuuzia uji, duka moja la vifaa vya ujenzi lilitupa bei ya mdomo ya mabati na misumari: 400,000. Wakati wa kulipa kijana akasema, "Mama, hiyo ilikuwa bila VAT," akaongeza 72,000. Guta lilikuwa limeshapakiwa, tukalipa. Usiku nikaitandaza risiti mezani. Imeandikwa 400,000, na mahali pa VRN hapana namba. Zile 72,000 ni uji wa siku nyingi, na hazikuingia serikalini. Sasa kabla hata ya kuomba kupunguziwa nauliza, "Bei hii VAT imo?" Kisha naomba profoma, ile karatasi ya bei kabla ya kununua, yenye jumla ya mwisho, na risiti naisoma kabla mzigo haujapakiwa.

Usidhani kwa Mangi, mwenye kiduka cha mtaani, hakuna VAT kabisa. Yeye hakutozi, lakini sabuni aliyoichukua kwa muuzaji wa jumla ilishatozwa, na kwa kuwa hajasajiliwa hawezi kuidai irudishwe, basi anaiingiza kwenye bei. Mahindi, maharage na nyanya za Soko la Majengo ni habari nyingine: mazao yasiyosindikwa yamesamehewa. Ukiona nyanya zimepanda, uliza msimu na nauli ya lori.

Risiti ukiitilia shaka, chini yake kuna namba ya uhakiki. Ingia tovuti ya Mamlaka ya Mapato (TRA), verify.tra.go.tz, ijaze pamoja na saa iliyochapwa, ulinganishe kiasi kinachotokea na pesa uliyotoa mfukoni.