Jinsi ya kuwapeleka vijana Ujiji kuongea habari za utumwa bila kurudi nao na chuki mpya

Mimi ni mtu wa hapahapa Kigoma mwisho wa reli, sina digrii ya historia, ila kwa miaka kadhaa sasa walimu, na saa nyingine watu wa madrasa au vikundi vya kanisani, wananiomba niwasindikize watoto kwenda pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiingereza, huku Ujiji, na kila mara kuna mtu ananivuta pembeni kuniuliza nafanyaje mpaka maongezi yasiishie kwenye matusi. Basi naandika mara moja nisirudierudie.

Safari yangu ya kwanza niliharibu vibaya. Kidato cha pili, watoto kama thelathini, nikawasimamisha chini ya mwembe, nikaanza moja kwa moja na minyororo, misafara, viboko, nikasema "Waarabu wakaja wakawachukua babu zenu", na kabla sijafunga mdomo nikaona vichwa vyote vimegeukia upande mmoja. Kulikuwa na kijana mmoja mweupemweupe, nywele laini, wenzake walishazoea kumwita Mwarabu kwa utani na yeye anacheka. Siku ile utani uliisha. Kurudi mjini kwenye daladala kiti cha pembeni yake kilibaki wazi, na watu wamesimama wananing'inia.

Sasa fikiria hapo. Watoto wale asubuhi walikuwa hawajui kitu, jioni wanajua, na jioni ndo chuki imeingia. Tangu shule ya msingi tumekaririshwa maadui watatu wa Mwalimu, ujinga, maradhi na umaskini, na wazee wana lao la usilolijua ni usiku wa giza, kwa hiyo ukimuuliza mtu yeyote chuki inatoka wapi atakujibu ujinga, bila hata kufikiri. Mimi pia nilikuwa najibu hivyo. Sa hivi najibu nusu tu: woga, ndiyo, mara nyingi unazaliwa gizani, ila chuki ya utumwa ilianza na mtu anayejua vizuri sana anachokitaka kwa mwenzie, maneno ya kumdharau yakaja baadaye ili alale usingizi. Ukikubaliana na mimi hapo, safari yako itabidi uipange tofauti kabisa, na ndo naelekeza hivyo. Kama hukubali pia twende tu.

Kabla hamjatoka

Usianze na minyororo. Na usiwaigizishe, nasisitiza, nimeona kiongozi mmoja anawafunga watoto kamba shingoni wapige picha, wengine wanacheka, mmoja analia, hakuna aliyejifunza kitu. Kaa nao darasani au barazani saa moja, ubao na chaki vinatosha, uanze na maneno ambayo wanayo mdomoni kila siku.

Andika HONGO. Waulize maana, wote watasema rushwa, labda na utani wa trafiki. Waambie hongo ilikuwa ushuru, ule msafara unaotoka Bagamoyo uliotoa kwa mtemi ili upite kwenye nchi yake, nguo, shanga, waya wa shaba. Halafu andika MUUNGWANA. Watasema mtu mstaarabu, uungwana ni vitendo na kadhalika. Zamani muungwana maana yake mtu huru, asiye mtumwa. Andika MSHENZI, hapo watacheka, uwaeleze kwamba hivyo ndivyo watu wa pwani walivyowaita watu wa bara, yaani babu zetu sisi tunaolitumia neno hilo kumtukania kondakta. Kisha MTWANA na MJAKAZI, mtumwa wa kiume na mtumwa wa kike. Mjakazi wengine bado wanamwita hivyo dada wa kazi. Kuna mwanafunzi mmoja aliwahi kunyamaza muda mrefu halafu akasema "kwa hiyo nyumbani tunae". Sikuongeza kitu.

Hii sehemu usiikimbize, ndo inashika kuliko zote, sababu mtoto anaona utumwa haujakaa kwenye kabati la makumbusho, umo kwenye maneno aliyotukana jana.

Swali la kubeba njiani

Wape swali moja tu la kwenda nalo: nani alimjua nani? Usiwape jibu. Wakifika na wakishazunguka, wakaona zile sanamu za wazungu wawili wanasalimiana, Livingstone na mwandishi wa habari Stanley aliyekuja kumtafuta, hapo ndo uanze kulijaza taratibu.

Mimi huanza Tabora. Muhammed bin Juma alikuwa mfanyabiashara Mwarabu, baba yake Tippu Tip huyu tunayemsikia, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, na alimuoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Ni wakwe! Wanakula pamoja, wanajua majina ya watoto wa kila mmoja, wanapelekeana zawadi. Tippu Tip mwenyewe alikuja kusimulia maisha yake kwa Kiswahili hikihiki, Kiswahili fasaha kabisa, na alikuwa na damu ya Kiafrika. Huyo mtu huwezi kuniambia hakuwajua watu wa bara. Aliwajua lugha, njia, magomvi yao, nani kagombana na nani, na kujua kwake ndo kulimsaidia afanye biashara ya pembe na watu. Na vita ya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, na Waarabu wa Tabora ilipowaka 1871 haikuwa ya watu wasioelewana lugha, waligombania njia, hongo na faida, na hata Stanley alijikuta mle ndani akipigana upande wa Waarabu.

Halafu naenda ng'ambo ya ziwa, Nyangwe, kwenye mto Lualaba, Kongo ya leo. Hapa punguza mwendo. Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya soko, watu kama 1,500, wengi wanawake, wameleta samaki na vyakula kwa mitumbwi. Livingstone alikuwepo, soko lile alilizoea, alipenda kwenda kukaa tu kuangalia watu wanavyouziana. Akaona watu wa msafara wameingia na bunduki, jambo lisilo la kawaida sokoni, mmoja anabishana bei ya kuku na kumng'ang'ania. Kuku bana. Mara risasi. Watu wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikakwama na kuzama, wakaingia mtoni, vichwa vinaonekana juu ya maji vinapotea kimoja kimoja. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kati ya 330 na 400. Na wale waliopiga siku zote walikuwa wanakula kutoka kwenye soko hilohilo! Ishu ilikuwa kuonyesha nani mkubwa, maana kuna kikundi kingine kilishachanjiana undugu na machifu wa pale.

Baada ya hapo Livingstone akarudi huku, Ujiji, mgonjwa na hana kitu, ndo Stanley akamkuta, na habari ya Nyangwe ilipofika Uingereza ilisaidia kuongeza shinikizo mpaka Sultani Barghash akafunga soko la watumwa Zanzibar Juni 1873. Watoto wakiziangalia zile sanamu sasa wanaziangalia tofauti kidogo.

Hapohapo kutakuwa na anayesema wote waliobeba pembe walikuwa watumwa. Msahihishe taratibu. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru wanaolipwa, wanapatana mshahara, wakidhulumiwa wanabwaga mzigo wanaondoka, na mzigo wenyewe karibu frasila mbili, kama kilo 30 na ushee. Mtoto wa Kinyamwezi akisikia hivyo mgongo unanyooka. Ila usiishie kwenye sifa, maana machifu wa bara nao waliuza mateka, na hilo nalo liseme kwa sauti ileile.

Jinsi ujinga unavyotengenezwa

Hapa navuka bahari kidogo, sababu Marekani waliacha karatasi nyingi na huko kitu kinaonekana wazi. Waulize: kama mwenye watumwa aliamini kweli mtu mweusi hana akili ya kusoma, kwa nini atunge sheria ya kumkataza asifundishwe? Waache wagune. South Carolina, wakati huo koloni la Uingereza, ilipitisha sheria 1740, mwaka mmoja baada ya uasi wa watumwa wa Stono, kukataza watumwa kufundishwa kuandika. Hutungi sheria kumkataza mbuzi asiandike. Frederick Douglass, mtumwa aliyekuja kutoroka na kuwa mwandishi, akiwa mtoto Baltimore, mke wa bwana wake alianza kumfundisha herufi kwa moyo mweupe kabisa, mume akaja akamkataza, kwamba akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Yule mume hakuwa mjinga, alikuwa anaelewa kuliko mkewe! Na Thomas Jefferson, aliyeandika 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa, katika maisha yake alimiliki watu zaidi ya 600.

Kwa hiyo ujinga ulikuwepo, sikatai, ila ulilindwa na wanaojua. Watoto wa wale mabwana walinyonyeshwa na kulelewa na wanawake watumwa, wakawaita kama mama, wakakua wakafundishwa kuwadharau. Kuna somo lilitolewa hapo, kuna mtu alilitunga. Na Uingereza ilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa kwenye makoloni yake 1833, ilitoa pauni milioni 20 za fidia kwa waliomiliki, waliomilikiwa hawakupata hata senti. Ukiwapa hii vijana wa kidato cha nne wanakasirika kwa mpangilio, yaani wanakasirikia hesabu, sio sura ya mtu.

Namba kubwa usizimwage. Moja inatosha: walipakiwa watu kama milioni 12.5 kuvushwa Atlantiki, wakashuka wakiwa hai kama milioni 10.7. Waache watoe wenyewe, walipotea wangapi. Wakishapata jibu nyamaza kidogo.

Sasa woga

Woga ni habari nyingine na huku ndiko ule msemo wa usiku wa giza unapofanya kazi. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa na aliyechapisha maisha yake 1789, anaeleza alivyopandishwa melini akiwa mtoto, akaona wazungu na chungu kikubwa kinachemka, akawa na uhakika wataliwa. Hakujua lugha, hakujua wanakokwenda. Na sisi tuna mumiani. Uliza darasa lolote Kigoma au Tabora, watakuwa na stori ya gari jeusi linalokamata watu kutoa damu, bibi kasimulia. Huo woga una asili ya gizani lakini sio upumbavu, watu kweli walikuwa wanachukuliwa hawarudi, na hakuna aliyewaeleza wanaenda wapi.

Ila kuna woga wa aina ya pili ambao vijana wanausahau, woga wa anayejua alichofanya. Watumwa wa Haiti walipoasi 1791, wenye mashamba Marekani hadi visiwa vyote vya jirani wakaanza kulala na bunduki. Walijua sana. Woga huu hauponi kwa elimu kwa sababu umetokana na elimu. Waambie wachore mstari katikati ya karatasi, upande huu woga wa asiyejua, upande huu woga wa anayejua sana, halafu watafute mifano ya mtaani kwao. Utashangaa. Mmoja aliandika "baba mwenye nyumba wetu" upande wa pili.

Kuhusu yule kijana wenu, maana kila kundi lina wake

Ujiji ukiangalia vizuri, waliouza, walionunua na walioletwa wote wana wajukuu mtaa mmoja, wanasali pamoja, wameoana, Wamanyema wengi asili yao ni ng'ambo ya ziwa na leo ndo wenyeji wenyewe. Kwa hiyo weka sheria ya neno moja kabla hamjashuka kwenye gari: hakuna "nyie" wala "sisi". Mtu akisema "nyie mlituuza" anaanza sentensi upya kwa jina na mwaka. Inachosha mwanzoni, wanazoea. Na usimuulize mtoto mwenye sura fulani atoe maoni "ya upande wake". Hana upande, ana miaka kumi na tano. Mimi siku hizi kiti cha kwenye gari nakipanga mwenyewe wakati wa kurudi, simwachii mtu achague.

Mkibaki na nusu saa, leta ya leo. Neno la siku hizi hapa kwetu ni mkimbizi. Warundi wamekuwa wakivuka kuja Kigoma tangu 1972, Wakongo wakaja kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa 1996, na shuleni mtoto akivaa kandambili zilizokatika anaitwa mkimbizi. Tumia lile swali la kwanza. Tunawajua au hatuwajui? Soko la pamoja tumeuziana nao miaka, kahawa na kashata tumekunywa pamoja. Halafu la pili, na hili ndo waandike: ni nani anapata kitu mtoto yule akiitwa hivyo? Wengine wataandika "hakuna". Usiwalazimishe.

Maji wabebe wenyewe, jua la Ujiji mchana sio mchezo, na mrudi kabla ya magharibi. Zile karatasi wasiandike majina yao, kusanya, changanya, wasomeane. Ila zipitie wewe kwanza pembeni, na ukikuta moja imeandikwa jina la mwenzao, ichane hapohapo kabla haijazunguka.